Tisini na Sita kwa Mia

Wandegeya, 4/3/2023

Yaya Reine,
Salamu nyingi, dada yangu mkubwa, kama watu wa soko la Nakivubo Jumamosi. Huku wazima, ila magoti ya mama yanalia kumshinda mwenyewe. Huko Nairobi vipi? Nakuandikia maana kwa simu hunipi nafasi ya kusema.

Mama amekubaliwa! Watampasua tumbo lipunguzwe, kilo zishuke, kisukari kimwachie. Kwanza masomo, wiki sita. Nesi Alanyo alimwambia achague: aje hospitali kila Jumanne akae na wagonjwa wenzake, ama asome kwa simu. Mama akataka Jumanne. Nikacheka! Mtoto wake anafufua simu zilizokufa maji, halafu yeye apande boda toka Kawempe na magoti yale? Nimemwandikisha ya simu. Profesa mimi nipo, usiogope.

Mdogo wako mtundu,
Heritier

Nairobi, 7/3

Mdogo wangu,
Nashukuru mko wazima. Mimi mgongo tu, kusuka nywele kutwa.

Mpeleke Jumanne. Sisemi ya simu ni mabaya. Jirani yangu Akeyo alisoma hivyo, akapasuliwa, leo anaruka kamba. Lakini Akeyo anasoma mwenyewe. Mama hajui Kiingereza. Anajifunza kwa kuuliza, kuuliza tena, na kubishana. Simu haibishani. Ukikataa, basi kaa naye umtafsirie yote.

Yaya yako,
Reine

Wandegeya, 15/4

Yaya mwenye presha,
Hujambo? Shusha mabega. Tumemaliza! Mitihani sita, tisini na sita kwa mia! Mimi niliyefukuzwa sekondari!

Video ikianza tu mama anasinzia, na asubuhi yuko na vitenge vyake sokoni. Basi simu yake nikakaa nayo dukani, nikawa namalizia mwenyewe, mteja huku, swali huku. Nesi alipompigia kumpongeza, mama akasema "asante", nikamkonyeza. Cheti nimekichapa kwa rangi, kiko ukutani. Anapasuliwa tarehe 24.

Mdogo wako, daktari Heritier

Nairobi, 16/4

Heritier, salamu baadaye. Ni wewe unayepasuliwa? Mwambie nesi ukweli, waahirishe. Na mpe mama simu yake niongee naye. Nijibu leo.

Yaya yako

Wandegeya, 27/4

Yaya,
Habari za hasira? Najua umepiga mara kumi na tisa. Ningemwambia nesi, mama angepoteza nafasi, na mimi ningeuweka wapi uso wangu?

Nilimweleza kwa kifupi: "Mama, ukitoka, kula kidogo kidogo." Akasema, "Nimeelewa, papa." Basi! Amepasuliwa, ametoka leo, anatembea, anamtania hata mwenye nyumba. Sasa nani mwenye akili? Jumapili mama za kwaya wanakuja kumwona.

Mdogo wako

Nairobi, 28/4

Heritier, mama za kwaya watakuja na sufuria. Akeyo anasema mwanzoni ni vya kunywa tu, wiki nzima na zaidi. Mama anajua hilo? Jumapili usitoke nyumbani. Nakuomba.

Yaya yako

Wandegeya, 9/5

Yaya Reine,
Sijui nikusalimie vipi. Ulikuja, ukamzika, ukapanda basi bila kunitazama.

Jumapili nilikwenda kuangalia mpira. Ujumbe wako niliuona, nikasema yaya na presha zake. Walileta bugali na sombe ya majani ya muhogo. Unajua kwetu, kukataa chakula cha aliyekuja kukuona ni kumwambia ameleta sumu. Niliporudi mama alikuwa anacheka. "Matonge mawili tu, papa. Kidogo, kama ulivyosema."

Jumatatu homa. Jumanne tumbo gumu kama ubao, mshono wa ndani umeachia. Nesi Alanyo akamuuliza: hukufundishwa? Mama akanitazama mimi. Hakunisema, yaya. Mpaka mwisho hakunisema.

Nesi alinieleza baadaye: wale wa masomo ya Jumanne walikuwa wakiigiza. Mmoja mgeni na sufuria, mmoja mgonjwa. Walipewa mpaka maneno: "Dada, asante, iweke, tumbo langu bado ni la mtoto mchanga." Mama angeyapenda maneno hayo. Angewachekesha wote.

Nisamehe.
Mdogo wako

Nairobi, 20/5

Heritier,
Katika mitihani yako, swali la chakula lilikuwepo? Ulijibu nini?

Reine

Wandegeya, 20/5

Yaya,
Lilikuwepo. Mtihani wa nne, swali la kwanza: siku ya sita baada ya kupasuliwa, mgonjwa akiletewa chakula kigumu, afanye nini?

Nilijibu asile hata tonge moja.

Nilipata, yaya. Hilo nililipata.

Heritier