Kitana Chako Hakikuwa na Mapunye

Kamwene, Mama.

Nimekuja na swali ambalo wewe tu ungeweza kulijibu. Nani alikwambia yale ya kichwani mwako ni mapunye?

Nauliza kwa sababu nami yamenitokea. Tangu tukuzike Kilolo, baridi mbili zimepita, na hii ya pili imeniletea magamba ya njano kichwani, kwenye nyusi na pembeni mwa pua. Kama yako kabisa. Mimi, msusi mzima wa Kihesa, nikaanza kushinda saluni na kitambaa kichwani! Nikajipaka mafuta ya mgando kila asubuhi, tena bila kubania, nikidhani ngozi imekauka. Magamba yakazidi kunata na kuwasha, mpaka mteja akaniuliza kwa nini najikuna kwa mpini wa kitana chake. Niliona aibu, Mama.

Lakini kilichoniuma zaidi ni Neema, mjukuu wako. Ana miaka saba sasa. Alitaka kujilaza kwenye mto wangu, nikamsukuma na kumwambia, "Toka, nitakuambukiza." Ile sauti ilikuwa yako.

Unakikumbuka kitana chako chekundu? Ulikiviringisha kwenye kipande cha khanga ukakiweka juu ya kabati, na nyumba nzima tulijua kuwa kitana cha Mama hakiguswi. Nilijifunza kusuka kwenye vichwa vya majirani, vya shangazi, hata cha mke wa mchungaji. Kichwa chako tu ndicho ambacho sikukigusa. Nikisogea, ulisema, "Kaa huko, mwanangu, nitakuambukiza." Nilidhani hupendi tu nikukaribie. Ulijua kwamba nilidhani hivyo?

Basi nikaenda kwa daktari wa ngozi mjini. Ni binti mdogo tu, lakini alinifungua kitambaa bila kukunja uso. Akaangalia kichwa, akaangalia nyuma ya masikio, akasema haya si mapunye, ni mba ile kali. Kumbe kuna vijidudu vya jamii ya hamira vinaishi kwenye ngozi ya kila mtu, na vinapenda mafuta! Nilipomtajia ninachojipaka, alicheka. "Dada msusi, wewe unavilisha!" Na wewe, mpika maandazi, ungecheka pia.

Akaniandikia shampuu ya dawa ambayo ipo hata kwenye duka la dawa la hapa mtaani. Naipaka kwenye ngozi ya kichwa, nasubiri dakika tano, nasuuza, mara moja kwa wiki kwa nywele kama zangu. Kwa usoni alinipa krimu ya siku chache, akanionya nisiizoee. Mafuta mazito nimeacha. Anasema hali hii haiishi moja kwa moja, baridi au mawazo yanaweza kuirudisha, na ikirudi nitaanza tena. Hii ni wiki ya sita, na muwasho umekwisha.

Nilishafika mlangoni ndipo nikauliza kama inaambukiza. "Hapana," akasema, "hata mkichangia kitana." Nilirudi nikakaa.

Miaka yote ile, Mama! Hata siku ya kukuzika niliwaambia waliokuosha wakufunge kitambaa vizuri, nikijua ndivyo ungetaka. Sina hasira na wewe, ulikuwa unanikinga. Ila nakitamani kichwa chako. Ningekusuka kila tulipokwenda kilioni kwa majirani, ile mistari rahisi ya kurudi nyuma, taratibu, ukinipigia stori za Kilolo.

Jumamosi iliyopita nilishusha kitana chako, nikakiosha kwa sabuni, nikaketi kwenye mkeka na kumkabidhi Neema. Alinichana vibaya sana, anavuta tu, mpaka machozi yakanitoka, na si kwa maumivu peke yake. Alipochoka akalaza shavu lake utosini kwangu. Sikumsukuma.

Pumzika sasa, Mama. Nakuahidi kitana hiki hakitarudi juu ya kabati. Kiko dirishani, na Neema anajua ni cha nani.

Mwanao msusi.