Aliyeukausha Mkungu Wetu

Mjukuu wangu Rukia,

Marahaba. Huku Muyuni wazima, na dada yako kajifungua salama.

Unauliza kama kweli kima punju, hawa wekundu wa msitu wetu, wana sumu inayokausha miti. Sumu gani! Nilipokuwa kigori mti wetu wa mkungu ulikauka. Baba akasema kima wameukojolea, akawafukuza kwa mawe. Kumbe tanuri letu la makaa lilikuwa juu ya mizizi yake. Mimi ndiye niliyelikoka, nikanyamaza.

Jana mjomba wako kaja na wenziwe, wanataka viwanja. Nusu ya msitu iko chini. Ananambia, "Mama, miti ile ilishauliwa na kima."

Mara hii sikunyamaza. Nilimshika mkono nikaunusa mbele ya wenziwe. Ulinuka petroli ya msumeno.

Bibi yako, bado nna hasira,
Mwanakhamis