Mwaka Ambao Sikupogoa Mwaridi

Jumatatu, 12 Mei
Zamu ya asubuhi, miguu inawaka moto. Sijavua hata koti, nimekwenda uani kuutazama mwaridi pori. Majani na miiba, basi. Niliupanda mwenyewe kwenye uzio tulipohamia mtaa huu wa Barking na haujawahi kutoa hata ua moja. Hamisi anasema nafuga miiba. Mume wangu hathamini kitu kisicholiwa.

Ila mwaka huu sikuupogoa. Ni Bibi Edna aliyenizindua, yule mzee ninayemwogesha kule Stratford. Kakulia shamba. Aliniuliza nakata lini. Nikamwambia kila Februari, hadi chini, kama jirani anavyokata mawaridi yake ya dukani. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe waridi pori huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Miaka yote nilikuwa nakata maua yangu mwenyewe!

Jumapili, 18 Mei
TUMBA! Dogo, kijani, limechongoka. Halafu nikaona jingine. Halafu tawi zima! Nimepiga kelele, binti yangu Salma akachungulia dirishani na kuniuliza kwa Kiingereza kama nimeumia. Sijaumia. Nina furaha mpaka naona haya.

Jumatano, 28 Mei
Ujumbe kwenye simu kutoka ofisi inayosimamia nyumba zetu. Jumatatu watapita watu wa kukata mimea ya kwenye uzio. Chochote kinachotokeza kwenye njia kitaondolewa. Na matawi yangu yote yenye matumba yameinamia njiani.

Nimepiga simu. Muziki, muziki, kisha dada mmoja mpole. Kilicho njiani kinakatwa, kilicho ndani hawakigusi. Nina hasira. Wiki moja tu wangenipa!

Jumapili, 1 Juni
Ndani hawakigusi. Nimeamka na maneno hayo. Kama ni hivyo, matawi yaingie ndani!

Nimeanza kuvuta peke yangu. Hayakatiki kirahisi, yanapinda kama upinde, lakini miiba inararua ngozi. Hamisi alinitazama kwa muda, akaingia ndani, akatoka amevaa glavu za kutolea vyungu kwenye oveni. Yeye anavuta, mimi nafunga kwa kamba. Kachanwa shingoni na bado akaendelea. Leo nimempenda mtu huyu upya.

Matumba yamevimba, nchani yana wekundu. Kesho niko kazini. Sijui kama kamba zitashika.

Jumatatu, 2 Juni


Mchana Hamisi kapiga simu. "Mama Salma, ukimaliza kazi njoo moja kwa moja."
"Wamekata?"
"Wewe njoo tu."
Akakata simu. Safari nzima ya basi nimekaa nikiamini mwaridi wangu umekwisha. Nilishakasirika, nikalia, nikafuta machozi kabla ya kituo.

Nimefika, Hamisi kasimama uani na simu mkononi, anapiga picha. Vichaka vya njiani wamevifyeka. Wangu hawakuugusa. Na katikati ya majani, ua! Limefunguka lote. Petali tano tu, rangi ya waridi hafifu, karibu nyeupe katikati, na manjano pale ndani. Jepesi kama pumzi.

"Lilikuwa linafunguka huku naliona," Hamisi alisema. "Ningekwambiaje kwenye simu?"

Nimempiga begani. Kisha nimemkumbatia.

Jumatano, 4 Juni
Sasa yanachanua ovyo ovyo, siwezi kuyamaliza kwa macho! Nimempelekea Bibi Edna tumba moja ndani ya kikombe. Basini nimelishika kama yai. Wakati namvalisha soksi likaanza kufunguka. Alinusa, akafumba macho. "Mlango wa jikoni," akasema. Nyumba ya mama yake, mlango wa jikoni, mwaridi pori ulikuwa umeuzunguka wote. Alinisimulia mpaka nikachelewa kwa mteja mwingine. Sijutii.

Jumapili, 8 Juni
Manyunyu tangu asubuhi. Maua ya kwanza yamepukutika, hayadumu. Nilidhani nitahuzunika.

Hamisi katoa viti. Tumekunywa chai chini ya mwavuli mmoja. Ndani ya ua moja nyuki alikuwa amejikunyata, mabawa yameloa. Nilinyoosha mkono nimkinge, kisha nikaurudisha. Tukangoja pamoja naye mpaka mvua ikakatika.