Treni ya Yakobo na Mabehewa Yenye Majina

Kigoma, siku ya yenga, misa ikiisha

Kwako mudogo yangu Felista, pale Nyamianda, Uvira,

Kama uko muzima, kaa chini usome polepole. Kama uko mugonjwa, pona kwanza, juu barua hii haina maneno ya kumusomea mugonjwa. Minye niko. Magoti yanalia nikiinama na meno yamebaki ya pembeni, lakini macho yanaona na mikono haitetemeki. Mutoto wangu Veronika iko salama na bwana yake, ambaye bado anapakia mizigo hapa bandarini. Weye, ule mukono uliovunjika wakati wa fujo umenyooka? Na mihogo ya bondeni, nguruwe wa pori wamekuachia kitu? Kila mara unaniandikia “tuko wazima” halafu kimya, kama muntu anayefunga mulango. Nani alikufundisha kuandika hivyo? Si minye.

Habari kubwa ni hii: treni ya Yakobo inatembea tena. Najua utasema mwanamuke muzee anacheza na mikebe. Sema. Lakini soma mpaka mwisho, juu kuna jambo nataka ulifanye, na safari hii hautanyamaza.

Mengine unayajua, lakini naandika yote, ili siku watoto wako wakisoma wasidanganywe na muntu. Marehemu bwana yangu Yakobo alikuwa anachochea moto kwenye gari ya moshi ndogo ya bondeni, ile iliyotoka Kalundu kwenda Kamanyola. Wazungu walipong'oa reli, Uhuru haujafika bado, alirudi nyumbani bila kazi. Halafu siku moja ya posho, kesho yake yenga, akachukua mikebe ya sardini na mukasi wa bati, akaanza kuitengeneza upya, ndogo, ya kupita chini ya kiti. Ikawa hivyo kila posho na kila yenga. Minye ndiye nilishika bati yeye akikata. Kovu iko kwenye kidole. Kichwa cha treni kilikuwa na dohani na kengele, na ndani springi ya saa iliyokufa. Ukikitia ufunguo kinazunguka nyumba nzima na mabehewa nyuma. Watu walioshuka kutoka Lemera kuuza maharage walipitia kwetu kwanza, sokoni baadaye. Mwaka wa Uhuru Yakobo alikipandisha bendera, na wakubwa wa ofisi wakaja kukitazama wakiwa na tai zao shingoni, wamechuchumaa kama watoto.

Yakobo akafa kwa kifua. Uasi ukaja mbele hatujamaliza matanga. Unakumbuka zile siku za kukimbia: kila nyumba inachimba shimo, sufuria, cherehani, sahani za ndoa, vyote chini ya migomba. Anastazi, mudogo wa Yakobo, akanijia uani. Akasema, “Mulamu, hiyo treni niachie minye. Nitaizika vizuri. Hiyo ni jasho ya kaka yangu.” Nikamupa kwa mikono miwili. Nikavuka ziwa na kitenge, sufuria moja na behewa moja, nimelifunga mugongoni kama mutoto muchanga.

Fujo ilipotulia akanitumia neno kwamba askari walifukua kila kitu. Nililia, nikaacha. Kumbe hakuna askari aliyegusa shimo lile. Mama Sofi, yule anayevusha samaki wadogo wa ndagala kutoka Uvira, ndiye alinieleza hapa, amekaa juu ya jamanda lake. Anastazi alifukua treni mwenyewe akaikata akafanya taa. Tumbo la kichwa linabeba mafuta, dohani inabeba utambi. Taa inawaka barazani kwake, na weye Felista umekaa ukala ugali kwenye mwanga ule. Usikatae, umeonekana.

Na si hilo lililonichoma zaidi. Anawaambia wageni kwamba ile treni aliitengeneza yeye, kaka yake alikuwa anamushikia bati. Sasa anaandaa kumaliza matanga ya Yakobo. Ukoo wote utakaa, na kila muntu atasema kazi ya marehemu, kama desturi. Yakobo atakuwa hana kazi. Atazikwa mara ya pili, safari hii kama muntu aliyeshika bati.

Tangu nisikie hayo, hasira ndiyo inaniamusha. Watu wanasema hasira ni sumu. Minye imeninenepesha. Nikaanza.

Kwa mafundi cherehani wa soko nikaomba vile vijiti vya mbao vya kuzungushia uzi, uzi ukiisha. Ukikata kimoja katikati unapata magurudumu mawili, kila moja na ukingo wake wa kushika reli, sawa Yakobo alivyofanya. Reli ni yale mabati membamba ya kufungia marobota ya pamba. Bwana ya Veronika aliniokotea bandarini. Mataruma ni mianzi niliyopasua. Springi nilipewa na padri muzee, saa yake ilikuwa imechoka kumuamusha. Kichwa kilinishinda mara mbili. Cha kwanza kilikuwa kama kobe. Cha pili niliunga kwa risasi ya kuyeyusha, moto ukazidi, mushono wote ukaachia, nikalaani katika Kifuliiru mpaka jirani akafunga dirisha lake. Cha tatu ni kizuri. Nakuambia ni kizuri, na minye sisifu kitu bure, unanijua.

Lakini hakikutembea. Posho naweka reli, yenga naiendesha, hatua chache inaanguka kando. Narudisha, inaanguka. Nilisema ni mbuzi amekanyaga. Nilisema ni wajukuu, nikawachapa, na kosa halikuwa lao. Niliwakaangia maandazi bila kuwaambia sababu. Mukwe akasema kwa heshima, “Mama, labda magurudumu ni mabovu.” Nikamuuliza kama yeye ndiye alilala na Yakobo miaka yote ile. Mwishowe nikasema ni Anastazi, ametuma kitu kuvuka maji. Nikamwagia reli yote maji ya baraka. Ikashika kutu. Yenga nzima nikasugua kutu na muchanga, wakristo wanapita kwenda ibada ya jioni wananitazama.

Sikiliza kosa lilikuwa wapi. Yakobo alikuwa anasema kila siku, upana wa reli ni urefu wa kibiriti. Hakutumia kipimo kingine. Basi magurudumu niliyapima kwa lile behewa lake nililobeba mugongoni, na reli nikapima kwa kibiriti, sawa alivyosema. Siku moja ya posho Mama Sofi alikuja, akatoa kiko chake, akakiwasha, akaweka kibiriti chake chini karibu na changu. Cha kwetu Kongo, alikinunua Uvira. Nikaona. Cha huku kimepungua unene wa ukucha. Gurudumu lilikuwa linakaa juu ya reli kama kuku juu ya kamba. Nikamunyang'anya kile kibiriti. Akaniuliza sasa kiko chake atawasha na nini. Nikamuambia avute kesho.

Nikang'oa reli yote, kama Wazungu, lakini minye niliirudisha. Kwenye kona nikaipanua kidogo zaidi, juu nilikumbuka Yakobo alikuwa anakilaza kibiriti chake mushazari pale, kona kwa kona. Nikatia ufunguo. Ikatoka mulangoni, ikazunguka mutungi, ikapita nyuma ya jiko, ikarudi mpaka miguuni kwangu, ikasimama. Veronika alilia. Minye sikulia, nilikuwa na kazi nyingine.

Kwetu muntu akikosana na jirani haendi kumutukana. Anafuga mbwa, anamupa jina la maneno yaliyo rohoni, na jioni anamuita kwa sauti. Mbwa anakuja, jirani anasikia. Minye sina mbwa. Nina mabehewa matatu, lile la Yakobo na mawili niliyoyafanya. Nikachukua rangi, nikaandika mwenyewe, herufi zangu za katekisimu, mbaya lakini zinasomeka. La kwanza: NILIKUACHIA UZIKE. La pili: UKAFUKUA UKAKATA. La tatu: MWANGA HUO NI WA NANI.

Kila posho naipeleka pale mitumbwi inapotua. Natandika reli kwenye ubao, naiendesha. Watu wa huku wanacheka Kiswahili yetu, wanasema nasema kama natafuna mahindi, lakini treni hawaicheki. Na wanawake wa Uvira wanaosubiri kuvuka wanasoma, wanaangaliana, wanasoma tena. Hakuna aliyeuliza ni nani. Walirudi nyumbani na ndoo tupu na vinywa vimejaa.

Haikuchelewa. Yenga iliyopita mwalimu wa kanisa la kwenu alivuka ziwa, amevaa koti, akakaa kwangu akasifia chai. Halafu akasema, “Mama, ndugu Anastazi anaomba ufute yale maneno. Yanamuaibisha mbele ya ukoo.”

Nikamuuliza, “Jina lake iko wapi pale?”

Akainama akatazama behewa la kwanza, la pili, la tatu. “Haliko, mama.”

“Sasa alijuaje ni yeye?”

Akanywa chai yake, hata kama ilikuwa bado ya moto.

Unaona, Felista? Nilimuita mbwa, muntu ameitika. Ameitika mwenyewe, kwa kinywa cha mwalimu wa kanisa, na mashahidi ni Veronika na bwana yake.

Sasa kazi yako. Siku ya kumaliza matanga, nenda. Ukae mbele, si nyuma na wanaoosha sahani. Nyama ikiwa haijagawanywa, simama useme minye yaya yako mukubwa nimekutuma. Anastazi aizime ile taa, ailete mbele ya wazee, aseme: hii ni kazi ya mikono ya Yakobo, minye niliikata. Maneno hayo tu. Sitaki mbuzi. Sitaki apige magoti. Musamaha asiombe, nilikuwa nao kidogo, ukaisha ziwani. Na usiniambie unaogopa kuharibu sherehe. Weye uliogopa kuharibu ugali, ndiyo sababu umekula na mwizi.

Akikataa, umuambie kuna behewa la nne. Ni refu kuliko yale mengine. Nimelifanya refu ili litoshe jina lake, na la baba yake, na la kijiji walikozaliwa. Rangi nimeshaichanganya, nimeifunika na jani la mugomba isikauke. Mama Sofi ataleta jibu.

Salamu kwa bwana yako muvuvi, mwambie mukono wako asiutume kuvuta nyavu. Salamu kwa shangazi yetu kipofu, yeye umusomee barua hii yote, atafurahi. Salamu kwa watoto wako na kwa jirani mukunga aliyemupokea Veronika duniani. Wazee wa ukoo wa Yakobo uwasalimie kwa heshima, mmoja mmoja. Anastazi nimeshamusalimia, mara tatu.

Minye yaya yako,
muke wa Yakobo, aliyetengeneza treni.