Chambo cha Mume Wangu Hakijawahi Kuvua Samaki

Mpendwa Shangazi Aune, naomba unisaidie, na kama inawezekana unijibu kwenye gazeti la Alhamisi hii hii, maana mashindano ni Jumapili na mimi nimeshafika mahali ambapo hata kahawa inapoa mezani sijaigusa. Nina miaka sitini na mmoja, nimeolewa miaka thelathini na minne, na mume wangu nitamwita Tarmo ingawa si jina lake, japo kijiji kizima cha Haapaperä kitamjua kabla sijafika sentensi ya tatu. Yeye mwenyewe hatajua, kwa sababu gazeti huwa analianzia nyuma, kwenye matangazo ya vifo na hali ya hewa, na akifika katikati ameshasinzia.

Shida yenyewe ni hii. Kiwanda cha mbao kilipofungwa, Tarmo alikaa ndani miezi minne akiitazama birika, kisha siku moja akaingia kwenye kile chumba cha kubadilishia nguo cha sauna na tupa, kipande cha shaba na chupa yangu ya rangi ya kucha, akatoka na chambo cha kuvulia kwenye barafu, kisamaki cha chuma kirefu kama kidole changu cha kati, chenye ndoana ya makucha matatu chini yake, akakiweka kando ya sahani yangu siku yangu ya kuzaliwa na kusema, "Haya, mama, kajaribu," na Shangazi, kwa mume wangu hiyo ni hotuba. Nikaenda kujaribu. Nilikaa juu ya tundu nililotoboa kwenye barafu ya ziwa masaa matano, hakuna sangara hata mmoja aliyekigusa, kinashuka huku kinazunguka kama kijiko kwenye kikombe, nikaona siwezi kurudi na ndoo tupu kwa mtu wa hali ile, kwa hiyo nikatoa kile changu cha zamani, chekundu, kidogo, chenye ndoana moja, kilichobanduka rangi ubavuni, nilichokinunua sheli pamoja na soseji mwaka sijui gani, na ndani ya nusu saa nilikuwa na sangara kumi na wanane. Nilipofika nyumbani akatazama ndoo, akauliza, "Kinaogelea vipi?" Nikasema, "Vizuri tu." Akasema, "Ahaa." Na siku hiyo akala viazi sahani mbili, mtu ambaye tangu vuli alikuwa anachokoachokoa chakula.

Basi nikanasa hapo. Ni majira ya baridi kumi na moja sasa, kila mwaka ananipa chambo kipya na kila mwaka naulizwa vilevile na najibu vilevile. Kuna kimoja chenye tumbo, kinalala ubavu kama mgonjwa. Kuna cha kijani ambacho hata mimi kilinitisha. Kuna kimoja kizito kiasi kwamba kilikwenda moja kwa moja matopeni, nikakivuta na gugu. Vyote ninavyo, viko kwenye kisanduku chenye kitambaa cha sufu alichonishonea yeye, na havijawahi kutoa samaki hata wa kumpa paka.

Ukiniuliza nimewezaje kuficha, ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa kuwa wewe ni mtu wa huku na unaijua adabu ya barafuni: unaweza kumwuliza mtu habari za upasuaji wake wa tezi dume mbele za watu, lakini humwulizi amefunga chambo gani, na akiwa anabadilisha unageuka unatazama msitu. Tarmo ana adabu hiyo kupita kiasi. Nafunga cha kwake pale ufukoni, anaona, anaridhika, anakaa kwenye tundu lake, na mimi nachukua keekee yangu ya kutobolea barafu naenda zangu nyuma ya matete, nafunga kile cha sheli, ambacho nakificha ndani ya glavu ya kushoto. Samaki anawasafisha yeye, viazi nachemsha mimi, ndivyo tulivyogawana tangu tuoane. Mara moja tu niliogopa, mwaka juzi, ndoana ya kile chekundu ilikatikia ndani ya samaki, na asubuhi nikaikuta kwenye sosa dirishani, imeoshwa na kukaushwa. Sikuuliza, naye hakusema kitu, nikafunga ndoana nyingine, yakaisha.

Sasa yamekuja haya ya Maire. Maire ni mwenyekiti wa wavuvi wanawake wa kijiji chetu, mtu mwema lakini anaongea kama redio, na mwezi wa pili niliposhinda mashindano ya klabu kwa mara ya nne akaja kwetu kunywa kahawa, na kabla hajavua buti akaanza.

"Tarmo, wewe mtu wa siri wewe! Mkeo anatumaliza kila mwaka na vyambo vyako, sisi wenzake umetunyima. Tumekukosea nini?"

Tarmo akawa anakoroga kahawa yake, na kahawa yake haina sukari.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Yeye ndiye anayevulia."

"Eti mwenzangu, vinavua?"

Tarmo akaacha kukoroga, akanitazama. Alinitazama muda mrefu, Shangazi, sijui alikuwa anasubiri nini, nikaona nisimwangushe mbele ya mgeni.

"Vinavua," nikasema.

"Basi nitatengeneza sita," Tarmo akasema, akasimama, akatoka.

Sita kwa sababu tuko sita kwenye timu inayokwenda fainali ya wilaya Jumapili. Na anavitengeneza kwa vijiko vya kahawa vya marehemu mama yake, vya fedha, vilivyokuwa sita kamili ndani ya boksi lake, amevikata mikia bila kuniambia, nilisikia msumeno tu. Isitoshe Maire amepanga kwamba kabla ya honi ya kuanza, Tarmo asimame mbele ya vilabu vyote aeleze jinsi vinavyotengenezwa. Na mwenyekiti wa klabu ya ng'ambo ya ziwa ni Unto, aliyekuwa msimamizi wake kiwandani, ambaye kila akikutana naye dukani anapaza sauti, "Vipi fundi, leo umempaka nani kucha?"

Nikinyamaza, wanawake sita tutakaa kwenye barafu masaa manne na kupeleka mifuko mitupu kwenye mizani, Unto akiwa amesimama pale pale. Nikisema, atarudi kuitazama birika, na safari hii sijui kama atainuka. Nimefikiria kujifanya mgonjwa. Nimefikiria kuvidondosha vile vya vijiko tunduni kwa bahati mbaya, vyote sita, lakini bahati mbaya ya namna hiyo nani ataiamini. Nimefikiria kuwapa wenzangu vya sheli kwa siri, nikaenda kuulizia, wamebakiwa na viwili. Nifanye nini? Nampenda, hilo pia sijawahi kumwambia, lakini hilo si swali langu.

Wako,
Mwenye Glavu ya Kushoto, Haapaperä

*

Mwenye Glavu ya Kushoto,

Pole. Naisema mara moja na sitairudia, kwa sababu anayestahili pole katika barua yako si wewe.

Umeandika kurasa nne na ukazitia kwenye bahasha bila kuzisoma. Nimezisoma mimi. Turudi kwenye sosa. Mumeo hutengeneza vyambo vya ndoana ya makucha matatu. Samaki wako anawasafisha yeye, miaka kumi na moja. Siku moja anakuta ndani ya sangara kindoana kimoja, kidogo, ambacho hakukiweka yeye. Anakiosha, anakikausha, anakiweka dirishani mahali utakapokiona ukiamka. Wewe ukadhani ni nini, pambo? Anajua, mama. Anajua tangu mwaka juzi, na mimi niliyeishi na mvuvi nakwambia anajua tangu zamani zaidi, maana mdomo wa samaki aliyenaswa kwa ndoana moja haufanani na wa aliyenaswa kwa tatu, na mwenye kisu mkononi ndiye wa kwanza kuona.

Sasa soma tena habari za Maire ukiwa umekaa chini. Mtu anayejua yote hayo anaulizwa na mgeni mezani kwake. Angeweza kusema, "Mke wangu anavulia cha sheli," ukaumbuka, yakaisha. Hakusema. Alisema uulizwe wewe. Akakutazama, tena kwa maelezo yako mwenyewe akakutazama muda mrefu, akikungoja. Ukajibu neno moja, na baada ya neno hilo akaenda kuvikata vijiko vya mama yake. Hakuvikata kwa kiburi cha fundi. Alivikata ili usionekane mwongo mbele ya Maire. Wewe unajiona unamsitiri yeye, kumbe Jumapili atasimama mbele ya vilabu vyote na kuchekwa na Unto ili akusitiri wewe.

Hapo niliweka kalamu chini nikaenda kuongeza kuni. Nimerudi kukugombeza.

Mumeo alikuuliza swali gani kila mwaka? Hakukuuliza kama umekipenda. Hakukuuliza hata kama kimevua. Alikuuliza kinaogelea vipi. Hilo ni swali la fundi, na jibu ulikuwa nalo: kinazunguka kama kijiko kwenye kikombe, hiki kinalala ubavu, hiki kinaenda matopeni. Umeniandikia mimi, mtu ambaye hujawahi kumwona, ukamnyima yeye. Ungemwambia mwaka ule wa kwanza, angekunja mkia kidogo, angepunguza shaba kichwani, angekosea tena, ungemwambia tena. Huenda leo angekuwa na chambo ambacho Unto angekiiba. Badala yake amekaa na tupa yake majira ya baridi kumi na moja akishindana na kitu cha sheli bila kujua anashindwa wapi, na mtu pekee aliyewahi kukishusha chambo chake majini anamwambia "vizuri tu." Unaita huruma. Mimi naona ulimwacha peke yake.

Najua kwa nini ulifanya hivyo. Ile miezi minne ya birika ilikutisha, na sahani mbili za viazi zilikuwa ushindi mkubwa kuliko kombe lolote. Siku ile ya kwanza hata mimi ningedanganya. Siku ya pili nisingedanganya.

Basi fanya hivi, na ufanye leo Alhamisi, kwa sababu safu hii iko ukurasa mmoja tu kabla ya matangazo ya vifo, na mtu anayelianzia gazeti nyuma atafika hapa kabla hajasinzia. Una muda wa kikombe kimoja cha kahawa.

Nenda kwenye kile chumba cha sauna. Toa chekundu kwenye glavu, kiweke kwenye meza yake ya kazi, sema, "Mimi ninavulia hiki." Ishia hapo. Usilie, usieleze habari za huruma, na mapenzi usiyataje leo, atakimbia. Atanyamaza. Mwache anyamaze mpaka amalize. Akisema "Ahaa," kaa papo hapo, usiondoke kama ulivyozoea.

Kesho mpigie Maire. Mwambie uliyedanganya ni wewe, kwa jina lako, si "tumekosea" wala "ilitokea." Kila mwanamke avulie anachokijua, na hotuba ifutwe. Maire ataongea nusu saa, hiyo ndiyo adhabu yako. Vile viwili vya sheli viache dukani. Kuhusu Unto sina ushauri. Kila ziwa lina wa kwake.

Jumamosi nendeni wawili. Toboeni penye kina kifupi, maji meupe, mwanga wa mchana. Beba vyote kumi na kimoja, na vile vya vijiko kama bado vina umbo. Laleni kifudifudi juu ya barafu, mjifunike koti moja vichwani, mtazame ndani ya tundu, na uvishushe kimoja kimoja huku unamwambia kila kimoja kinafanya nini. Yeye aje na tupa na koleo mfukoni. Mtaonekana kama vichaa wawili, lakini nusu ya wanaopita watakuwa wamewahi kufanya hivyo hivyo na nusu nyingine watageuka watazame msitu.

Huenda hakuna kitakachoogelea sawasawa Jumamosi. Huenda wala mwakani. Fundi anaweza kuvumilia hilo miaka mingi akiwa na mtu wa kumwambia ukweli. Na siku chambo chake kitakapovuta sangara, hata kama ni mdogo wa kurudishwa majini, usiniandikie mimi. Mwambie yeye.

Shangazi Aune