Ufagio Juu ya Kabati

Jumatatu, 4 Machi

Wananchi watangaziwe: kitambi changu kimepewa notisi ya kuhama. Amri imetoka kwa dada yangu, ambaye tangu arudi kwenye semina kuhusu watu wanaofikisha miaka mia namwita Waziri. Sukari marufuku. Chumvi kwa kibali. Mama, mwenye tisini na mitatu yake, kacheka mpaka kashika ukuta. Eti hilo tumbo halihami, ndilo litakalomzika yeye.

Jumatano, 6 Machi

Leo sicheki. Waziri kamnyang'anya Mama ufagio. Ufagio anaofagilia ua kila alfajiri huku akigombana na jirani juu ya majani ya mti wake! Mifupa ya umri ule haitaki kuinama, anasema. Apumzike.

Mama: "Wanaopumzika nawajua. Wote nimewazika."

Nikamuuliza Waziri, hao wa miaka mia wa semina wanashinda wakifanya nini? Wanalima, akasema. Wanapanda vilima. Wanabeba kuni. Kasema hivyo bila hata kusikia anachosema mwenyewe — nikatoka nje, nisije nikatamka neno la kuvunja udugu.

Ijumaa, 8 Machi

Mama kitini kutwa. Jirani kaja kuuliza kama anaumwa, maana hajatukanwa siku ya pili leo.

Mimi fundi friji. Ninayo moja kuukuu dukani, inanguruma tangu enzi za marehemu baba. Ukiizima, haiwaki tena. Nikamwambia Waziri.

"Mama si friji," akasema.

Kweli. Friji ningeitengeneza.

Jumapili, 10 Machi

Hospitali. Nyonga imevunjika. Waziri anamwambia kila mtu Mama kateleza bafuni.

Daktari katukuta kwenye korido. Anataka kujua Mama alikuwa mtu wa namna gani kabla ya kuanguka. Mzee wa kushinda kitini hawampasui, wanamwacha apumzike.

Neno lile lile. Dada akaangalia sakafu. Hasira zilinijaa mpaka masikioni, lakini alikuwa amekumbatia viatu vya Mama kifuani.

Basi nikasema ilivyokuwa. Ufagio ulifichwa juu ya kabati. Mama kaamka alfajiri, kapanda stuli mwenyewe, kaushika. Kaanguka wakati wa kushuka, ufagio mkononi. Aliyeuficha sikumtaja.

"Alipanda stuli?" Daktari kauliza mara mbili. Kaenda kuongea na wenzake. Bado hajarudi.

Mama kafumbua jicho moja. Anauliza leo ua kafagia nani.