Wimbo Uliotangulia Harusi

Jumatatu, 3 Juni
Mwani tumeanika, baada ya alasiri mazoezi. Shangazi Mwanahawa anaimba maneno niliyomtungia kwa harusi ya mwezi huu kama amezaliwa nayo. Nimemrekodi kwa simu ajisikilize anapokosea; katikati nikakohoa. Desturi ya kikundi chake: wimbo mpya hausikiki nje mpaka siku ya harusi. Ndiyo maana kisiwa kizima cha Juani kinatualika.

Alhamisi, 6 Juni
Nimevuka hadi mjini Kilindoni. Nimempa Sudi, fundi simu, kadi ya kumbukumbu ya simu yangu anitilie nyimbo. Kibanda chake kinanuka risasi ya kuchomelea. Hajui jina la mtunzi hata mmoja. Kwake nyimbo zinaokotwa kama kauri ufukweni. Nimemdharau. Nimerudi na nyimbo tele.

Jumanne, 11 Juni
Kwenye boti, msichana na simu yake. Shangazi anaimba. Na kikohozi changu mle mle! Nimeuliza kautoa wapi.
"Kwani unaishi wapi, dada? Kila mtu anao."
Kila mtu. Wanarushiana jasho la mtu kama wanagawana karanga. Mbumbumbu.

Ijumaa, 14 Juni
Kaja mama wa bibi harusi. Kikundi hakihitajiki tena.
"Tumeshauchoka, Mwanahawa. Tutaupiga kwenye spika, yatosha."
Wameuchoka kabla haujaimbwa! Shangazi kampa chai. Mimi nisingempa hata maji. Alipoondoka, shangazi alikunja sare yake akairudisha sandukuni. Anaimba harusi tangu sijazaliwa.

Jumamosi, 15 Juni
Nilitaka kumtukana Sudi ukurasa mzima. Lakini kadi niliipeleka mimi. Rekodi ilikuwemo, alinakili vyote. Na pale nilifuata nini? Nyimbo ambazo waimbaji wake sikuwafikiria hata kidogo. Msomi mzima. Mpumbavu kuliko wote.
Nimemwambia shangazi. Hakufoka.
"Nilidhani utanitungia wimbo wa kumsema Sudi. Sasa na wewe itabidi uwemo."
Bora angenipiga.

Jumapili, 23 Juni
Harusi. Spika ilikoroma. Hakuna aliyeinuka kutuza. Umtuze nani, spika? Kikohozi changu kilipofika, watu walikohoa pamoja nacho, wakacheka. Shangazi alikula pilau akitazama sahani. Nawachukia. Najichukia zaidi.

Jumatano, 26 Juni
Kuna harusi nyingine kabla ya Ramadhani. Familia imemwita shangazi, imeuliza kama ana kipya. Kasema anacho. Hakuwa nacho.
Nimetunga kichwani nikimenya muhogo. Simu zote ziko kwenye sufuria mlangoni, mfuniko juu. Natamka, wanakikundi wanaitikia, mpaka mstari ushike. Shangazi katoa sare sandukuni, kaitundika.
Beti tatu tayari. Siziandiki hata humu.